Mafuta Yasiyonuka

Mama yangu alikuwa na pua. Najua kila mtu anayo, lakini mtaani kwetu ukisema "tuipeleke kwa Pua" hakuna aliyeuliza pua ya nani. Madereva walimwita Mama Pua mbele ya uso wake, naye aliitika huku akijifanya kununa. Alikuwa amefanya kazi ya kujaza watu mafuta kwenye kituo cha barabara kuu tangu kabla sijazaliwa, mpaka magoti yalipogoma. Alipoacha kazi, kazi haikumwacha. Ilimfuata nyumbani mpaka kibarazani, ndani ya vichupa vya maji vilivyozibwa kwa vifuniko visivyo vyake.

Namna yake ilikuwa hii. Hakuitia chupa puani, alisema hiyo ni tabia ya walevi. Aliifungua, akaisimamisha juu ya goti, akapunga kiganja polepole juu ya mdomo wa chupa, akafumba macho. Dereva alisimama pale na kofia mkononi, kimya, hata kama ni yule ambaye njia nzima hutukana watu. "Hii imetiwa mafuta ya taa," mama angesema. Au: "Hii imelala kwenye pipa lililokuwa la rangi." Au, siku akiwa na furaha: "Hii ni dizeli safi, baba. Gari lako likikohoa, ujue lina maradhi yake lenyewe." Hakukosea, au alikosea mara chache mno kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka. Maabara ya kupima mafuta ilikuwa mbali, na majibu yake yalirudi mafuta yenyewe yameshachomwa. Kwa hiyo mji mzima uliegemea pua ya mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu, ukalala usingizi wake.

Kisha yakaja mafua. Yale yaliyopita nyumba hadi nyumba, yakalaza hata wanaojisifu kuwa hawaugui. Mama alilala, akainuka, akarudi kibarazani na kuendelea kupunga kiganja chake. Pua haikurudi naye. Nalisema jambo hili mapema kwa sababu sipendi michezo ya kumficha mtu kitu halafu umshtue. Siri yenyewe ndiyo hiyo tu: mama yangu hakusikia tena harufu ya kitu chochote, na aliyelijua hilo alikuwa yeye peke yake. Hukumu aliendelea kuzitoa. Aliangalia rangi kwenye jua, akasugua tone kati ya vidole, akamuuliza dereva alinunua wapi na kumsoma usoni akijibu. Kwa ujanja huo alipatia mara nyingi, kwa sababu watu wanaouza mafuta mabaya hawakuwa wengi, na wote aliwajua kwa majina ya baba zao.

Ishara zilikuwepo. Siku moja nilimkuta jikoni anachambua mboga kwa utulivu, na nyuma yake sufuria ya maharage inateketea, moshi umetanda mpaka darini.

"Mama, hunusi?"

"Nanusa," akasema bila kugeuka. "Nayaacha yakolee."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani ni uzee unaanza kumtania, kama unavyotutania sote mmoja mmoja.

Mimi wakati huo nilikuwa upande mwingine kabisa wa mambo. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na kila kitu duniani kilininukia. Sabuni ya jirani ilinifikia kupitia ukutani. Nilijua nani kapita uchochoroni bila kufungua dirisha. Mume wangu alilazimika kuacha viatu vyake nje, halafu soksi, halafu akaambiwa na yeye mwenyewe afikirie. "Mwanamke huyu atanipa talaka kwa pua," aliwaambia wenzake. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya, gari kuukuu la dizeli alilolitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe.

Gari hilo nililihesabu kuwa langu. Muuguzi wa kituo, mwanamke mwenye mikono mikubwa na mzaha mwingi, alikuwa amenibonyeza tumbo na kuacha kutania ghafla. "Huyu amekalia matako," akasema. "Hataki kugeuka." Daktari wetu akathibitisha. Kituo hakikuwa na chumba cha upasuaji, na mtoto wa kwanza anayetanguliza matako si wa kubahatisha. Ilibidi nikajifungulie hospitali kubwa, ng'ambo ya milima. Mji wetu uko bondeni, joto lake huyeyusha mishumaa kabatini, lakini barabara ya kwenda kule hupanda mpaka mahali ambapo watu huvaa makoti mwaka mzima na umande wa asubuhi hugeuka mweupe kwenye nyasi. "Mwezi ukikaribia tutakupeleka mapema," daktari aliniambia. "Lakini uchungu ukikuwahi, usijikaze kisabuni. Panda gari." Nikajiambia, gari ni la mume wangu, nina bahati gani.

Ndipo dizeli ikapotea mjini. Kwanza kituo kimoja kikafunga kamba, kisha cha pili, kisha foleni zikawa zinapangwa kwa uvumi tu. Malori yakalala kando ya barabara. Gari la wagonjwa likabaki na mafuta ya kufika sokoni na kurudi. Katika hali hiyo akatokea bwana mmoja tuliyembandika jina la Bwana Kijani, kwa sababu mapipa yake yote aliyapaka rangi hiyo. Alikuwa mstaarabu, mwenye sauti ya chini na shati lililopigwa pasi. Alisema anatengeneza dizeli ya mimea uani kwake, kwa mbegu, na gari la dizeli halihitaji kubadilishwa chochote. Alikuwa tayari kukijazia kituo cha afya.

Daktari hakuwa mjinga. Alisema gari linalobeba wagonjwa si la kujaribia. Halafu akasema neno ambalo kila mtu mjini angelisema: "Mama Pua akiikubali, mimi sina kipingamizi."

Nataka mama atendewe haki hapa. Hakukimbilia kuikubali. Alijua hana pua, na alijua nani atapanda gari lile. Kwa hiyo alianza kutafuta habari, kwa bidii ambayo sikuielewa wakati ule. "Kuuliza si ujinga," aliniambia, na akanikabidhi simu nimsomee, kwa kuwa maandishi yake madogo yalimshinda.

Nikasoma. Mmoja alisema dizeli ya mimea huua injini. Mwingine alisema huisafisha. Wa tatu alikuwa amejirekodi akipika mafuta kwenye pipa uani kwake, kifua wazi, anachochea kwa mti, na chini yake watu elfu wameandika "hongera kaka". Kuna aliyesema changanya nusu kwa nusu, kuna aliyesema usichanganye kamwe, na kuna aliyeanza na mafuta akamalizia na dawa ya nguvu za kiume. Kila mmoja alikuwa na uhakika. Mama alisikiliza yote na kutikisa kichwa. "Hawa hakuna hata mmoja anayesema yuko wapi," alinung'unika. "Huyo injini yake ilikufa wapi? Huyo yake ilipona wapi?" Swali lile lilikuwa zuri kuliko tulivyojua. Laiti tungekaa nalo.

Tukaenda kwa fundi wa pampu za dizeli. Yeye alijibu huku amelala chini ya lori: mafuta hayo hula mipira ya zamani ya kupitishia mafuta, mwambie mkweo abadilishe mipira. Hilo lilikuwa kweli, na mume wangu akaibadilisha. Halafu tukaenda chuo cha ufundi, kwa mwalimu wa kemia. Alikuwa kijana, mpole, ana chaki mpaka kwenye nyusi. Alitukalisha na kutuuliza swali ambalo kwenye simu hatukulikuta.

"Imetengenezwa kwa kitu gani?"

"Mbegu," mama akasema.

"Nani kasema?"

"Mwenye mafuta."

Mwalimu akakuna kichwa. "Mama, si mafuta yote ni mamoja. Ya mbegu fulani hukaa maji siku zote. Ya mawese au ya wanyama ni mengine, huwa mazuri kabisa kwenye joto. Muulizeni tena. Halafu chukueni chupa moja, muiweke mahali pa baridi mpaka asubuhi. Ikibaki maji, afadhali. Ikiwa nzito, msiipandishe mlimani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya kuaminika. Tuliipata. Ilisemwa kwa Kiswahili, kwa upole, na mtu aliyesomea, naye hakutudai hata ahsante. Nikiwasikia watu wakisema tatizo letu ni kukosa elimu, hunipanda hasira, kwa sababu sisi elimu tuliibeba mkononi mpaka nyumbani.

Nyumbani mama akamuuliza Bwana Kijani mara ya pili. "Mbegu, mama," akajibu, na akacheka kidogo kwa heshima. Kisha mama akachukua chupa aliyopewa na kuiweka mahali pa baridi. Na mahali pa baridi kwetu ni wapi? Ni nyuma ya mtungi wa maji, kwenye pembe ile ambako sakafu huwa na unyevu na vyura wadogo hujificha mchana. Tangu utoto wangu, kitu kikitakiwa kukaa baridi, kilipelekwa pale: maziwa, dawa ya macho, siagi ya wageni. Hatukufikiria friji la soda la muuza duka, lililokuwa hatua chache tu. Friji ni la soda. Asubuhi mama akaitoa chupa, akaiinua kwenye jua. Ilikuwa maji matupu, inang'aa rangi ya asali.

"Imebaki maji," akasema, na niliona mabega yake yanashuka kwa nafuu.

Wakaja jioni ile kusikiliza hukumu: daktari, mume wangu, Bwana Kijani mwenyewe na dumu lililojazwa kutoka pipa lake la kijani. Nilikuwa nimekaa mlangoni na tumbo langu. Bwana Kijani alifungua dumu, akammiminia mama kidogo kwenye chupa.

Ilinijia kabla mama hajainua mkono. Ilikuwa harufu ya machinjioni. Si damu, bali ile nyingine inayokaa ukutani baada ya sakafu kuoshwa, ya mafuta ya ng'ombe yaliyochemka na kupoa na kuchemka tena. Nilishika kizingiti. Mama alipunga kiganja chake taratibu juu ya chupa, macho amefumba, uso mtulivu kabisa.

"Haina harufu," akasema. "Hata kidogo. Safi."

"Mama," nikasema, "hiyo inanuka kama buchani."

Kisha nikatapika. Niliinamia ukuta wa kibaraza na kutapika mbele ya daktari wa watu, na kila mtu akacheka, kwa huruma kabisa, jinsi mtu anavyomcheka mja mzito. "Mimba hiyo," alisema Bwana Kijani. "Jana kasema mimi nanuka shaba," akasema mume wangu, na wakacheka tena. Kweli nilikuwa nimesema hivyo. Mama hakucheka. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, chupa ingali gotini, na nilidhani ananionea huruma.

Ningependa kusema kuna mtu alisita. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba na yeye pua yake ilinasa kitu, kitu cha nyama. Lakini mkwe ataanzia wapi kumwambia mama mkwe, mbele ya wageni, kibarazani kwake, kwamba pua yake imekosea? Angekula wapi siku ile? Mama naye, mbele ya mkwewe aliyemheshimu hivyo, angeanzaje kusema kwamba ana mwaka hajasikia hata moshi? Heshima ilikaa katikati yao, na mimi nikapewa maji ya kusukutua mdomo.

Gari likajazwa. Lilikwenda vizuri ajabu. Moshi wake ulipungua, injini ikawa inasema kwa sauti laini. Mume wangu alilizungusha mtaani na watu wakapiga makofi. Vichupa vikaongezeka kibarazani, wote wakitaka kujua kama na wao wanunue kwa Bwana Kijani. Mama aliwajibu kwa ufupi, tena mara nyingi akisingizia kichwa kinamuuma. Usiku alianza kuja kukaa kando ya kitanda changu bila sababu. Siku moja akaniuliza, kana kwamba tunazungumzia hali ya hewa: "Ile harufu uliyosema. Ilikuwaje hasa?"

"Ya machinjioni. Si nilikwambia?"

"Uliniambia," akasema.

Akafungua mdomo tena. Nilimwona. Kisha mume wangu akaingia na viatu vyake mkononi, na mama akainuka kwenda kumpakulia chakula.

Uchungu ulinishika kabla ya mwezi wake, alfajiri, jogoo wa kwanza hajawika. Muuguzi alinipima akasema twende sasa hivi. Nyuma ya gari tulikuwa watatu: mimi nimelala, muuguzi miguuni kwangu, mama kichwani. Mume wangu mbele peke yake. Tulipotoka mjini dirisha lilikuwa wazi na hewa ilikuwa ya uvuguvugu. Muuguzi alianza tena mizaha yake, akasema mtoto anayekuja matako mbele ni mtoto anayeijua dunia mapema. Nilicheka katikati ya maumivu.

Tukaanza kupanda. Mama alifunga dirisha. Baadaye akavua mtandio wake akanifunika. Baadaye tena muuguzi akaanza kupuliza vidole vyake kabla ya kunigusa. Barabara ilikuwa tupu kabisa, kwa sababu nchi nzima ilikuwa haina mafuta, na nakumbuka nilijiambia hiyo ni heri, hakuna wa kutuzuia njia. Kisha nikasikia injini inakata pumzi. Ilivuta, ikalegea, ikavuta tena. Mume wangu akabadili gia, akasema nayo kwa sauti ndogo, "twende mama, twende mama", hivyo alivyozoea kulibembeleza. Likatetema mwili mzima na kuzima.

Ukimya wa mahali pale siutaki tena maishani mwangu. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka, kijivu, na nyasi za kando ya barabara zilikuwa nyeupe. Simu haikushika hata kidogo. Tulimsikia akifungua boneti, vyuma vinagongana, anajipulizia mikono. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka na baridi ikaingia pamoja naye. Alikuwa ameshika chujio la dizeli. Alilielekeza kwa mama, tochi kwapani, akachota kwa kidole kilichokuwemo ndani. Kilikuwa cheupe, kizito, kile kile unachokikuta asubuhi juu ya mchuzi wa nyama uliolala.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa na adabu ile ile ya siku zote. "Hiki ni nini?"

Mama akainua kiganja. Kwa mazoea tu, akakipunga juu ya chujio. Halafu mkono ukamwanguka mapajani.

"Sisikii kitu, baba," akasema. "Sijasikia harufu tangu yale mafua. Yeye ndiye aliyesikia."

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nililijua neno hilo tangu darasa la pili, na nilidhani linamhusu mgonjwa mwenyewe. Mume wangu akateremka na kuufunga mlango polepole sana, bila kuubamiza, na mimi niliona bora angeubamiza.

Walijaribu. Alitaka kuwasha moto chini ya tangi, muuguzi akamkataza kwa ukali, tuna mtungi wa oksijeni humu. Mama akalichukua chujio akaliingiza ndani ya nguo zake, kifuani penye ngozi, akalikumbatia akitetemeka mpaka kilichomo kikalainika na kumchirizika tumboni. Mume wangu akalirudisha, injini ikawaka, ikaenda pumzi kumi za mtu aliyechoka, ikazima. Tangi zima lilikuwa limeganda. Mama akasema alete tena. Akalipasha tena. Mimi nilikuwa nampigia kelele, sijui nikisema nini, na mtoto hakungoja mtu.

Alikuja kama muuguzi alivyosema angekuja, mwili kwanza. Kichwa kikabaki. Mikono ile mikubwa ilifanya yote iliyoyajua, na ilijua mengi, lakini palihitajika chumba, taa na kisu cha mtu mwingine. Alipotoka alikuwa wa kiume, mzito, amekamilika mpaka kucha. Muuguzi alimpulizia, akamsugua, akamtia oksijeni. Hakulia.

Jua likachomoza. Likapanda ukingo wa mlima na kulipiga gari ubavuni, na baada ya muda mume wangu akageuza ufunguo na injini ikawaka kwa sauti yake laini, kana kwamba haijafanya lolote. Tukateremka upande wa pili mpaka hospitali. Kule wakaniokoa mimi.

Nyumbani lilifanyika lile linaloitwa uchunguzi. Mabwana wawili wa kukagua mafuta walikuja mchana, wakachota mafuta kwenye tangi, wakayainua kwenye jua la bondeni. Yalikuwa maji matupu, rangi ya asali. Wakaandika hawakuona kasoro. Mama, ambaye tangu siku ile hakuwa amesema zaidi ya ndiyo na hapana, akawanyang'anya chupa mkononi. Akavuka barabara na magoti yake hayo, akafungua friji la muuza duka bila kuomba, akaichomeka katikati ya soda, akakaa mbele ya mlango wa friji kwenye kreti. Watu wakajaa. Hakuna aliyemwambia aondoke. Alipoitoa na kuipindua kichwa chini, halikumwagika hata tone.

Bwana Kijani hakukana. "Nilianza na mbegu kweli, mama," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mbegu zikaisha. Machinjioni walikuwa wanamwaga mafuta bure." Chupa ile ya nyuma ya mtungi, kama ilikuwa ya mbegu au ya ng'ombe, hatutajua. Nyuma ya mtungi zote mbili zingebaki maji.

Ungedhani watu wangeacha kuja. Mwanadamu haachi njia aliyoizoea. Dizeli haijarudi sawasawa mpaka leo, wauzaji wa mapipa wameongezeka, kila mmoja na rangi yake, na juzi tu dereva wa lori linalopanda mlimani alisimama kibarazani na kichupa, kofia mkononi. Mama hakukigusa.

"Mimi sina pua," akamwambia wazi. "Mwenye pua ni huyu." Akanigeukia. Hajawahi kuniomba msamaha kwa maneno, nami sijamdai, lakini alivyonitazama alikuwa anaomba. "Mwanangu. Wewe unasikia nini?"

Nikakipokea kichupa. Nikakiweka gotini. Nikapunga kiganja kama nilivyomwona akifanya maisha yangu yote, nikafumba macho, nikangoja harufu zinijie zilivyokuwa zikinijia, sabuni, shaba, ukuta wa machinjioni. Ilikuja dizeli. Dizeli tu, ile anayoisikia mtu yeyote anayepita njiani. Pua ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtoto, naye alikwenda nayo.

"Sijui, mama," nikasema.

Dereva akatutazama, mmoja na mwingine, akisubiri. Mama akanichukulia kichupa mkononi na kumrudishia.

"Hatujui," akamwambia. "Kaulize kwanza imetengenezwa kwa nini. Halafu kaiweke kwenye friji, mpaka asubuhi. Na kabla ya hapo usipande."

Dereva alisema ahsante, akavaa kofia yake. Tulimwona akivuka barabara, akasimama mbele ya duka, akalitazama friji. Kisha akatazama saa yake, akapanda lori, akaondoka kuelekea milimani.